Kiwanja usikitazame saa saba mchana!

Wiki hii sizungumzii mapenzi, wala mitindo, wala nani kamkimbia nani. Nazungumzia pumzi. Ndiyo, hiyo hiyo unayoivuta sasa hivi bure, bila risiti. Usigeuze ukurasa kwanza, maana ndani ya habari hii kuna hela, na kuna shangazi yangu.

Mambo yalianzia kijiweni. Mimi na mshikaji wangu tulikuwa tumekaa kando ya barabara hapa Dar, magari yanapita, kila moja linatuachia zawadi yake ya moshi usoni. Mshikaji akakohoa, akafuta macho, akasema: "Mwanangu, hapa tunakufa taratibu. Twende Lushoto tukanunue viwanja. Kule ni milima mitupu, baridi safi, hewa kama imetoka kwenye friji."

Nikaona kasema neno. Lushoto nina shangazi, mdogo wa marehemu baba. Nilikuwa sijamwona muda mrefu, na mtu mzima kama mimi kwenda kwa shangazi bila sababu unaonekana umeishiwa. Kiwanja kikawa sababu.

Basi tukapanda basi. Chalinze, Segera, Korogwe, mpaka Mombo. Pale Mombo barabara inaiacha tambarare na kuanza kupanda Usambara, kona baada ya kona, zaidi ya kilometa 30, unapita Soni. Kila kona joto linapungua, kila kona mshikaji anazidi kutabasamu. Mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliokuwa wakitawala walipenda sana kule kwa ajili ya kukimbia joto la pwani, wakauita mji Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao.

Umelisikia hilo neno? Bonde. Mimi sikulisikia. Ningelisikia mapema ningeokoa nusu ya safari.

Dalali akatuchukua kesho yake saa saba mchana. Mwezi ni Julai. Anga la buluu, jua la kistaarabu, kijito kinapita chini, migomba inapepea. Kiwanja kiko kwenye kibonde nje kidogo ya mji, tambarare, hakuna haja ya kuchimba mlima ili upate msingi. Bei nayo, asikwambie mtu, ilikuwa ya kirafiki mno. Mshikaji akaninong'oneza: "Toa kishika uchumba leo leo kabla hajaja mwingine." Mkono ukaingia mfukoni.

Bahati yangu simu ikaita. Shangazi anauliza kama nitakula mchana. Nikamweleza furaha yangu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja tu:

"Umekiona asubuhi, baba?"

"Asubuhi? Shangazi, kiwanja si kile kile?"

"Kiwanja ni kile kile. Hewa siyo ile ile. Nenda kesho saa kumi na mbili, halafu ndiyo utoe hela yako."

SAA KUMI NA MBILI ASUBUHI

Tulikwenda tukiwa na masweta na midomo inatetemeka. Tulipofika ukingoni mwa kile kibonde tukasimama. Kiwanja hatukukiona.

Mwanzo nikadhani ni ukungu. Ukungu kule ni kawaida, na wenyewe wanaupenda. Lakini ukungu haunuki. Huu ulinuka kuni, mkaa, majani mabichi yaliyochomwa na plastiki. Ulikuwa umelala juu ya mapaa kama shuka la kijivu, umenyooka utafikiri umepigwa pasi. Moshi wa kila jiko ulikuwa unapanda kidogo, unafika mahali fulani, halafu unakataa. Unageuka pembeni, unatandaa, unarudi chini. Juu ya lile shuka, tulipokuwa tumesimama sisi, hewa ilikuwa kioo. Tena, ajabu ya Mungu, kulikuwa na joto zaidi kuliko kule chini.

Mshikaji akateremka hatua kama 50 kujaribu. Akarudi anakohoa. "Bwana eh," akasema, "si bora kijiweni."

Saa tatu na nusu tukapita tena pale pale. Jua lilikuwa limeshaufikia mteremko. Shuka lilianza kuchanika, moshi ukawa unapanda bila kikwazo, na saa tano kibonde kilikuwa kile kile cha dalali: buluu, migomba, kijito. Ungeapa hakuna kilichotokea.

Sasa hebu tuulizane: moshi ni ule ule, majiko ni yale yale, kwa nini saa moja asubuhi ni sumu na saa saba mchana ni mandhari?

KIFUNIKO CHA SUFURIA

Jibu siyo uchawi. Kwa kawaida ukipanda juu hewa inapoa, kwa wastani kama nyuzi joto 6 na nusu kwa kila mita 1,000. Mchana jua linapasha ardhi, ardhi inapasha hewa iliyoigusa, hewa hiyo inakuwa nyepesi na kupanda. Moshi unadandia humo humo, unakwenda juu, unachanganyika na hewa nyingi na kupungua makali.

Usiku mambo yanapinduka, hasa usiku usio na mawingu wala upepo. Ardhi inapoteza joto lake upesi na kuipoza hewa iliyo karibu nayo. Hewa baridi ni nzito. Kwenye mteremko inateleza taratibu kama maji, inafuata vijito na makorongo, inajikusanya chini kabisa. Ikifika alfajiri, baridi iko chini na vuguvugu liko juu. Na hewa nzito iliyokwisha kukaa chini haina sababu ya kupanda. Lile vuguvugu la juu linakuwa kifuniko, bonde linakuwa sufuria, na wewe uliyejenga chini, samahani sana, ndiyo mboga.

Mlima unakuongezea mawili mengine. Kwanza unazuia upepo ambao ungekuja kupepea. Pili unachelewesha jua. Kule juu wameshaanika nguo, chini mngali kwenye kivuli, na kifuniko hakifunguki mpaka jua lifike.

Nikamuuliza shangazi alijuaje yote haya. Akacheka: "Mimi sijui hayo ya kusoma. Najua kifua changu. Na wazee wetu walipenda kujenga juu, bondeni tulikuwa tunalima tu. Sasa watu wamekuwa wengi, tumeteremka."

Yeye mwenyewe nyumba yake iko chini.

MJI WA DONORA, 1948

Kama unadhani nakuza mambo, kwamba moshi wa asubuhi haujamuua mtu, kaa nikupeleke mbali kidogo, mpaka Marekani.

Kuna mji mdogo unaitwa Donora, katika jimbo la Pennsylvania, kusini mwa Pittsburgh. Mwaka 1948 ulikuwa na watu kama 14,000. Umekaa kwenye kona ya mto Monongahela, vilima vimeuzunguka. Sufuria, kama nilivyokwambia. Kando ya mto kulikuwa na kiwanda cha chuma na nyaya na kingine cha zinki, vyote vya kampuni tanzu za U.S. Steel. Watu walikula humo, walioa humo, walijenga humo. Moshi kwao ulikuwa dalili ya mshahara.

Jumanne ya tarehe 26 Oktoba, hewa nzito ikatulia juu ya bonde lile na haikuondoka. Ilikuwa majira ya kupukutika majani, usiku umeshakuwa mrefu, jua limepungua nguvu. Kifuniko ambacho siku nyingine hufunguka ifikapo saa nne au tano, safari hii hakikufunguka. Jumatano hakikufunguka. Alhamisi hivyo hivyo. Viwanda vikaendelea kutema gesi za salfa, floridi na vumbi la madini, vyote vikibaki mle mle.

Watu walifanya nini? Waliendelea na maisha. Ijumaa usiku wakaandamana kwa sherehe ya watoto ya Halloween. Jumamosi wakaenda uwanjani kutazama mpira wa Kimarekani, wakati mwenye macho yake alikuwa haoni mpira ulipo. Wao walizoea moshi, bwana! Aliyezoea moshi hajui siku moshi ulipogeuka kuwa kitu kingine.

Huku majumbani watu walikuwa wanakufa. Daktari William Rongaus, aliyekuwa pia kwenye bodi ya afya ya mji, alihimiza wenye vifua na moyo dhaifu waondoke mjini. Lakini barabara hazikuonekana. Zimamoto walipita nyumba kwa nyumba na mitungi ya oksijeni, wakimgawia huyu pumzi kidogo na yule kidogo.

Jumapili asubuhi, tarehe 31, kiwanda cha zinki kikaanza kuzimwa. Siku hiyo hiyo mvua ikanyesha. Kifuniko kikapasuka. Watu 20 walikuwa wamekufa na karibu 6,000 walikuwa wameugua, yaani zaidi ya watu wanne katika kila kumi wa mji ule.

Sasa shikilia hapo. Kile kiwanda cha zinki kilikuwepo tangu 1915. Hakikujengwa wiki ile. Kilichogeuka ni hewa ya juu na msimu. Na haikuwa mara ya kwanza duniani: Desemba 1930, kwenye bonde la mto Meuse nchini Ubelgiji, nalo la viwanda, hewa ilitulia namna hiyo hiyo na watu wapatao 60 wakafa. Bonde, baridi, utulivu. Tena bonde, baridi, utulivu.

Ila tusiutupie mlima lawama zote. Mlima hautengenezi sumu hata kidogo. Mlima unashikilia kile ulichompa. Wamarekani walilielewa hilo pole pole. Sheria yao ya kwanza ya nchi nzima kuhusu uchafuzi wa hewa ilipita 1955, na ile yenye meno ikaja 1970. Na Donora kwenyewe, mwaka 2008, wakafungua makumbusho madogo ya ule moshi, ili wajukuu wasisahau.

HUKU KWETU MSIMU HAUNA UPENDELEO

Utasema, Lushoto haina kiwanda cha zinki. Kweli kabisa, na simfananishi shangazi na Donora. Lakini sufuria ni sufuria, na kila msimu una mapishi yake.

Kipupwe, Juni mpaka Agosti, ndicho kibaya kwa miji ya bondeni. Usiku ni mrefu na baridi, kifuniko kinakuwa kinene. Na ndiyo kipindi ambacho kila nyumba inaota moto. Yaani moshi unaongezeka wakati ule ule mlango wa kutokea umefungwa.

Kiangazi kikizidi, vumbi linaamka. Ndiyo muda wa tanuri za matofali, na ndiyo muda wa kuchoma mashamba kabla ya mvua. Mchana upepo unasaidia, usiku hausaidii. Halafu kuna siri moja: tanuri iliyo juu ya mteremko, usiku moshi wake hauendi mbinguni. Unafuata ile hewa baridi inayoteleza, unakuja kulala na nyie mlio chini.

Masika, mvua inaosha hewa. Ukitoka nje baada ya mvua kubwa unaona vilima vya mbali kama umevaa miwani mipya. Lakini kuni zimelowa, na kuni mbichi ni moshi mtupu. Watu wanapikia ndani, madirisha yamefungwa. Hewa safi iko nje, wewe umejifungia na moshi.

Na sisi wa Dar tusijicheke wala tusijisifu. Moshi tunao mwingi kuliko Lushoto mara nyingi, lakini tuna bahari. Mchana upepo unatoka baharini kuja nchi kavu, usiku unageuka, na juu yake kuna kusi na kaskazi kwa majira yake. Yaani tunafagiliwa bila kulipa. Mji mdogo wa bondeni hauna mfagiaji. Ndiyo maana mji wenye magari machache unaweza, asubuhi moja ya Julai, kuwa na hewa mbaya kuliko kijiwe changu.

Na kinachoumiza siyo ule moshi unaouona tu. Kuna chembechembe ndogo sana, unene wake hauzidi sehemu moja ya 30 ya unywele. Pua haizikamati. Zinakwenda moja kwa moja mpaka ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zinaingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikaza kiwango chake: kwa wastani wa mwaka, hewa isiwe na zaidi ya maikrogramu 5 za chembe hizo kwa kila mita ya ujazo. Kabla ya hapo ilikuwa 10.

USIKU WA JIKO

Sasa ile sehemu ambayo sikutaka kuandika.

Usiku wetu wa pili niliamka kwenda kujisaidia. Nikapita mlango wa shangazi, ukawa umeegeshwa. Dirisha limefungwa, limesokomezwa na nguo za zamani pembeni baridi isipenye. Na katikati ya chumba, jiko la mkaa. Makaa mekundu, mazuri, hayatoi moshi hata chembe.

Mpenzi msomaji, hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu hauna moshi, lakini unatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksaidi. Hiyo inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kinauma, usingizi unazidi, mtu analala zaidi. Kwenye chumba kilichofungwa, wapo ambao hawakuamka.

Nililibeba lile jiko nje nikiungua vidole. Nikafungua dirisha. Shangazi akaamka, akanifokea kwa Kisambaa, halafu kwa Kiswahili: unataka kuniua kwa baridi?

"Shangazi," nikamwambia, "mimi nilitaka kununua hewa ya huku kwa milioni, na wewe umeizibia nje."

Hakucheka. Akakaa kitandani akakohoa kile kikohozi ambacho alinidanganya kwa miaka kuwa ni mafua. Kisha akasema kitu ambacho mpaka leo kinanikaa: "Kila Julai ninajiuliza kama nitaiona Agosti."

Mimi niliyekuja kutafuta hewa safi, nilikuwa sijawahi hata kumuuliza anapumuaje.

HAYA, TUFANYEJE?

Siyo kila mtu anaweza kuhamia mlimani. Lakini kuna mambo hayahitaji hela nyingi. Usichome takataka jioni. Moshi wa jioni ndiyo shuka la asubuhi. Plastiki usichome saa yoyote. Kuni ziwe kavu, zihifadhiwe penye paa wakati wa mvua. Jiko la mkaa lisilale na mtu chumbani, hata kwa dakika chache za "nipashe tu." Blanketi la pili ni nafuu kuliko jeneza.

Nyie vijana wa mazoezi, mnaokimbia alfajiri ili mwonekane, bondeni wakati wa baridi ngojeni jua liingie. Saa nne hivi mapafu yatawashukuru. Na nyie mnaopata nafasi ya kukaa kwenye vikao vya mtaa, likija ombi la tanuri au dampo, msiulize tu liko mbali kiasi gani na nyumba. Ulizeni usiku hewa inateremkia wapi.

Na wewe unayetafuta kiwanja, nakupa bure: Julai, saa kumi na mbili asubuhi, uwe na sweta na pua yako. Dalali akikwambia asubuhi ana shughuli, jua kwamba naye anajua.

Sisi tuliishia kununua? Mshikaji amepata juu kidogo, katikati ya mteremko, pale ambapo usiku kuna vuguvugu na moshi unapita chini ya miguu. Bei imepanda na gari halifiki mpaka mlangoni, lakini kifua chake hakina kesi. Mimi hela yangu haikununua kiwanja. Sehemu imekwenda kwenye jiko la gesi na mtungi wake, sehemu kwenye blanketi mbili nzito, na sehemu kwa fundi aliyetoboa ukuta wa jiko la shangazi na kuweka bomba la kutolea moshi juu ya paa. Nikampeleka pia hospitali apimwe kile kikohozi. Ameanza dawa.

Wiki iliyopita akapiga simu, Agosti imeingia. Nikamuuliza hali. Akasema kifua kimetulia kidogo, ila majirani bado wanachoma majani jioni, na moshi wao unaruka ukuta.

"Sasa shangazi tutawafanyaje hao?"

"Nimeshawaita waje kunywa chai," akasema. "Asubuhi, saa kumi na mbili. Waje waone wenyewe."

Alamsiki. Tukijaaliwa, wiki ijayo tunarudi kwenye mapenzi.